Rabi Heschel: Mkimbizi aliyemfuata Papa hadi Roma

SISI tuliosomea ukimbizini huwa tunawasoma kwa makini watu waliofukuzwa. Mmoja wao ni hayati Rabi Abraham Joshua Heschel.

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1907, katika ukoo wa viongozi wa dini ya Kiyahudi. Alisoma Berlin hadi akapata udaktari wa falsafa, kisha akafundisha Frankfurt. Oktoba 1938 serikali ya Hitler iliwakusanya Wayahudi wenye uraia wa Poland na kuwasukuma mpakani. Heschel naye alikamatwa na kupakiwa kwenye treni. Kwenye karatasi ilionekana anarudishwa kwao. Ndugu msomaji uliyewahi kupandishwa lori la kurudi nyumbani bila kuulizwa, unanielewa.

Aliondoka Warsaw kwenda London mwaka 1939, wiki chache tu kabla Wajerumani hawajavamia. Chuo cha marabi cha Cincinnati, Marekani, kilikuwa kikiwatafutia viza wasomi wa Ulaya, na kwa njia hiyo alifika huko mwaka 1940. Mama yake na dada zake watatu hawakunusurika.

Mwaka 1945 alihamia Jewish Theological Seminary ya New York, seminari iliyoanzishwa mwaka 1886. Pale waliotukuzwa zaidi walikuwa mabingwa wa Talmud. Yeye alizungumzia sala na manabii. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Union, seminari ya Waprotestanti. Mwaka 1965 Union ilimwalika kufundisha, Myahudi wa kwanza kupewa nafasi ya profesa mgeni hapo. Rafiki yake mkubwa huko, Reinhold Niebuhr, alipofariki mwaka 1971, ni rabi huyu aliyesoma tanzia.

Lakini kazi yake ngumu ilikuwa Roma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa ukiandaa tamko kuhusu Wayahudi, chini ya Kardinali Augustin Bea, na Heschel alishauriana naye tangu mwaka 1961. Alitaka Kanisa liache kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu. Mwaka 1964 rasimu mpya ikatoka, ikiwa na maneno ya kutumaini kwamba Wayahudi wataingia Kanisani. Heschel, ambaye ndugu zake waliuawa kwa sababu tu ya Uyahudi wao, alijibu kwamba afadhali afe. Septemba 14 akaonana na Papa Paulo VI, siku moja tu kabla ya kuanza mfungo mkuu wa Wayahudi. Wako marabi waliolaumu, wakiona ni kujidhalilisha. Mimi naona anayedai haki yake mlangoni hajidhalilishi.

Tamko la Nostra Aetate lilitoka Oktoba 28, 1965. Lawama ile ilikataliwa, na maneno yale ya rasimu hayakuwamo. Machi mwaka huohuo alikuwa ameandamana Selma pamoja na Martin Luther King.

Heschel alifariki usingizini siku ya Sabato, Desemba 23, 1972. Poland na Ujerumani hakurudi tena.