Persoon: Yatima wa Cape aliyetoa uyoga wake mkavu ili apate kula

Mwaka 1775 mvulana wa miaka 13 alipandishwa meli huko Cape, kusini mwa Afrika, akapelekwa Ulaya kusoma. Mama yake alikuwa ameshafariki tangu yeye akiwa mchanga. Mwaka uliofuata baba naye akafariki. Christiaan Hendrik Persoon hakurudi tena Afrika.

Alianza kusoma theolojia, akahamia udaktari. Ila moyo wake ulikuwa kwenye kitu ambacho wengi walikikanyaga tu: uyoga na fangasi wengine.

Shida ya uyoga ni kwamba ukiuchuma leo, siku chache tu umeoza. Mchoro unasaidia, lakini spishi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho. Njia ya uhakika ni kuukausha, kuufunga kwenye karatasi na kuandika jina lake. Ndivyo alivyofanya Persoon kwa miaka mingi.

Mwaka 1801 alichapisha kitabu cha Kilatini, Synopsis methodica fungorum, kilichowapanga fangasi kwa makundi. Wataalamu wa Ulaya wakamfahamu.

Lakini sifa hazijazi tumbo. Akiwa Paris alipanga ghorofa ya juu kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini, hana kazi wala mke, huku barua za wasomi zikimfikia kutoka kila upande. Hali ilipombana, alikubali kuitoa hazina yake yote ya sampuli kwa Uholanzi, naye alipwe pensheni mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki Paris mwaka 1836.

Kumbe makubaliano yale ndiyo yaliyookoa kazi yake. Sampuli zilifika Leiden, Uholanzi, na zipo mpaka leo.

Kwa nini zinatunzwa? Baada ya zama zake, wataalamu walikubaliana kwamba jina la spishi lifungwe kwenye sampuli maalumu. Ukitokea ubishi kuhusu fangasi fulani, hawabishani kwa maneno. Wanafungua karatasi, wanachukua kipande kidogo na kutazama spora zake kwa hadubini. Siku hizi hata vinasaba vinaweza kupimwa kutoka kwenye sampuli kavu.

Na jambo hili linafika mpaka shambani. Fangasi anayeleta kutu ya shina kwenye ngano, Puccinia graminis, alipewa jina hilo na Persoon mwaka 1794. Mwaka 1998 aina yake kali iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99, kisha ikaonekana Kenya na Ethiopia. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipopeana tahadhari, wote walijua anazungumziwa fangasi gani, kwa jina lile lile alilolitoa yatima wa Cape.