Maisha ya Ibn Battuta, Mgeni wa Miji Mingi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari. Miongoni mwa Waislamu waliozizunguka bara na bahari hizo, ni wachache waliovuma kama Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa katika mji wa Tangier, nchi ya Maroko, mwezi wa Rajabu mwaka 703 wa Hijra, sawa na mwaka 1304 wa Miladia. Jamaa zake walikuwa watu wa elimu, na baadhi yao walishika ukadhi kwa madhehebu ya Imam Malik. Naye akasomeshwa elimu hiyo hiyo.

Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliwaaga wazee wake kwa huzuni akatoka peke yake kwenda kuhiji. Njiani alishikwa na homa kali, hata akajifunga juu ya tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Alipofika Tunis pamoja na msafara, watu wa mji walitoka kuwalaki wageni, kila mtu akamsalimu amjuaye. Yeye hakujulikana na mtu, wala hakusalimiwa. Basi akalia. Haji mmoja alitambua sababu ya kilio kile, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza mpaka wakaingia mjini. Pengine ndiyo maana kitabu chake kimejaa khabari za jinsi watu wa kila mji wampokeavyo mgeni.

Baada ya kuhiji hakurudi kwao. Alijiwekea kanuni kwamba, iwezekanapo, asipite njia moja mara mbili. Kwa hiyo aliziona pembe za dunia ambazo mahujaji wengine hawakuzifikia, na mwaka 1331 akateremka mpaka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki.

Mogadishu aliona desturi njema. Jahazi likitia nanga, vijana huliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Mfanya biashara apewaye sahani huwa mgeni wa kijana yule, na hushukia kwake. Lakini mwanachuoni hushukia popote baada ya kuonana na Sultani kwanza. Ibn Battuta akakirimiwa wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Yote hayo aliyala, akayakumbuka.

Mombasa alilala usiku mmoja. Aliwakuta watu wachaji Mungu, wa madhehebu ya Imam Shafii, chakula chao ndizi na samaki. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na mlangoni palikuwa na kisima ili watu waoshe miguu kabla ya kuingia.

Kilwa alimkuta Sultani Hassan, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Siku ya Ijumaa baada ya sala, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili nguo, akampa zile.

Mwaka 1334 alifika Delhi, naye Sultani Muhammad bin Tughluq akampa ukadhi. Baada ya miaka kadhaa alitumwa kuwa balozi China. Alipokuwa Calicut alibaki pwani kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na tufani ikavunja majahazi, watu na zawadi vikaangamia. Akaenda visiwa vya Maldives, akawa kadhi huko pia. Aliwaamrisha wanawake wafunike miili kama alivyozoea kwao, lakini hawakumfuata ila walipofika mbele yake kuhukumiwa. Aliona kauri, zile ambazo Uganda huitwa simbi, zikitolewa baharini na kutumika kama fedha. Miaka mingi baadaye alizikuta kauri hizo hizo sokoni Gao, katika Afrika ya Magharibi.

Safari ina thamani yake, na ina gharama yake. Mwaka 1348 alipokuwa Damascus alipata khabari kwamba baba yake amekwisha kufa miaka 15 nyuma. Mwaka huo ukaja msiba wa tauni. Watu wa mji walifunga siku 3, kisha wakatoka pamoja kumwomba Mola, Waislamu na misahafu, Mayahudi na Wakristo na vitabu vyao. Mwaka 1349, alipokuwa karibu kufika kwao, aliambiwa mama yake naye amechukuliwa na tauni. Baada ya miaka 24 alichokipata Tangier ni kaburi la kuzuru.

Mwaka 1352 alivuka jangwa la Sahara. Taghaza aliona nyumba na msikiti uliojengwa kwa mawe ya chumvi. Mali, aliambiwa zawadi ya Sultani imekuja, akatarajia nguo za heshima na fedha. Ikawa mikate 3, nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka kwa dharau. Aliyelia zamani kwa kukosa salamu alisahau kuwa mkate wa mwenyeji ni salamu. Hata hivyo alishuhudia kwa haki uadilifu wa watu wale, usalama wa njia zao, na bidii yao ya kuhifadhi Kurani.

Khabari zake aliziandika Ibn Juzayy kwa amri ya Sultani wa Fez, zikakamilika mwaka 1355. Wanachuoni wameona kuwa baadhi ya sehemu zilichukuliwa kwa Ibn Jubayr aliyemtangulia, lakini juu ya pwani yetu zama zile ni shahidi mkubwa. Alifariki karibu na mwaka 1369, akiwa kadhi katika nchi yake.

Majumba ya wafalme aliowatembelea mengi yamebomoka, na sahani ya vijana wa Mogadishu ingali inatajwa. Basi kila Ijumaa mtu asiyejulikana aingiapo msikitini, na asitoke bila kusalimiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Battuta, na wote waliomkirimu ugenini. Amin.