Mary Barbour, mama aliyegomea nyongeza ya kodi

Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, pamoja na baraza la kusikiza kesi za wapangaji. Wengi wetu hata hatujui kama ipo. Ni jambo tulilorithi kwa Waingereza, na Waingereza wenyewe hawakuipata bure. Walishurutishwa na wanawake wa Glasgow, akiwaongoza Mary Barbour.

Alizaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Kilbarchan, Scotland, babake akiwa mfumaji wa mazulia. Mwaka 1896 aliolewa na David Barbour, wakaenda kuishi Govan, mtaa wa viwanda vya kuunda meli. Vita vya 1914 vilipoanza, wafanyakazi walimiminika, vyumba vikawa haba, nao wenye nyumba wakaona pa kuvunia. Mume yuko vitani, mke nyumbani anapandishiwa kodi.

Hapa ndipo ninapompendea mama huyu. Hakukaa akilalama. Alipita mlango kwa mlango akawapanga wenziwe: kodi ya zamani tutalipa, nyongeza hatutoi. Dalali wa mahakama akija kumtoa mtu, kengele inapigwa, wanawake wanajazana ngazini, unga unamrukia usoni. Anarudi alikotoka, mweupe pe. Kufikia Novemba 1915, kaya zipatazo 20,000 zilikuwa zimegoma.

Tarehe 17 mwezi huo wapangaji 18 walifikishwa mahakamani. Maelfu ya watu waliandamana hadi hapo, na mafundi wa viwandani wakatishia kuacha kazi, tena wakati wa vita! Kesi zikaachwa. Mwaka haujaisha, Bunge la London likapitisha sheria ya kuzuia kodi za nyumba ndogo zisizidi kiwango cha Agosti 1914.

Sheria yetu sisi inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba ya bei hiyo Mji wa Kale, nihamie kesho. Kiwango kama hicho, kwa maoni yangu, ni sawa na kutokuwa na sheria.

Mary alichaguliwa diwani wa Glasgow mwaka 1920, akapigania maziwa ya bure kwa watoto wa shule na mabafu ya umma. Mwaka 1925 alisaidia kufungua kliniki ya uzazi wa mpango, jambo lililowakera wengi. Alifariki mwaka 1958. Sanamu yake ilisimamishwa Govan mwaka 2018, na nyuma yake umechongwa msururu wa watu wakimfuata.