Maria Sibylla Merian, mama aliyechora wadudu wakiwa hai

Wakati ule watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba wadudu hutoka kwenye matope. Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1647, alikuwa na miaka 13 tu alipoanza kufuga viwavi wa hariri. Aliwachora hatua kwa hatua, tangu yai hadi nondo, pamoja na majani wanayokula.

Mwaka wa 1699, akiwa na miaka 52 na ameachana na mumewe, aliuza michoro yake, akapanda meli na binti yake Dorothea kwenda Suriname, koloni la Uholanzi huko Amerika ya Kusini. Wenyeji na watumwa ndio waliomwonyesha mimea ya huko.

Alichora pia ua moja jekundu na manjano, ambalo leo hupandwa hata Kongo kupamba nyumba. Akaandika jambo zito: wanawake watumwa walitumia mbegu zake kutoa mimba, watoto wao wasizaliwe utumwani. Majina yao hakuyaandika.

Ugonjwa ulimrudisha Amsterdam mwaka wa 1701. Kitabu chake chenye michoro 60 kilitoka mwaka wa 1705, miaka 12 kabla ya kifo chake.