Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyeufuatilia uvimbe wa watoto

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Tangu hapo hakutulia.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland, na akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia. Mjini Dublin aliacha uhandisi akasomea udaktari. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kabla ya kuhamia Mulago.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000, wakiuliza katika kila hospitali iwapo watoto wa aina hiyo wameonekana. Ilibainika kuwa maradhi hayo yalishamiri penye joto na mvua nyingi, ambako malaria imeenea. Mwaka 1964, kutokana na sampuli zilizopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata, Mulago ilifungua kituo cha limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko, mwaka 1971, madaktari Avrum Bluming na John Ziegler waliripoti kisa cha kushangaza: mtoto mwenye limfoma ya Burkitt aliugua surua, na uvimbe wake ukanywea bila dawa.

Virusi vilivyoshukiwa kuleta saratani sasa vilionekana pia kuweza kuiangamiza. Kirusi cha surua kina protini mbili juu yake: moja hujishika kwenye seli, nyingine huunganisha utando wake na wa kirusi. Seli iliyoambukizwa hutoa protini hizo hizo, hujinatisha kwa jirani zake, na zote huwa bonge moja linalokufa. Kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo hujishika kwenye CD46, protini iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani. Seli zenye afya, ambazo huwa nayo kidogo, aghalabu husalimika.

Tiba hiyo ingali katika majaribio, na surua yenyewe si dawa: huua watoto.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Maradhi yenye jina lake bado yanatibiwa Mulago.