Charles Ernest Overton, mtu wa mafuta na maji

Wanafunzi wenzangu, Overton alizaliwa Uingereza mwaka 1865, lakini masomo makubwa alifanyia Uswisi, mjini Zürich. Kazi yake ilikuwa mimea. Alijaribu vitu karibu 500 aone ni vipi vinavyoingia ndani ya seli. Kile kinachoyeyuka katika mafuta kiliingia mbio; sukari, yenye kupenda maji tu, ilibaki inje.

Kiisha akageukia watoto wa chura. Aliwatia katika maji yenye dawa ya usingizi, kama eteri, mpaka waache kuogelea. Akiwarudisha katika maji safi, wanaamuka. Dawa yenye kupenda mafuta kuliko maji, kidogo tu ilitosha kuwalaza. Basi ukitikisa dawa katika chupa yenye mafuta ya zeituni na maji, ukapima iliyoingia kila upande, unajua nguvu yake mbele ya kumpa mtu. Si mchezo: dawa hiyo ikipita kipimo, mgonjwa haamuki tena.

Hans Meyer wa Ujerumani aliona vilevile mwaka 1899, kila mtu kwa njia yake. Overton alitoa kitabu 1901, akafundisha Lund, Uswidi, tangu 1907, akafa huko 1933. Watengeneza dawa wangali wanapima hivyo, ila mahali pa zeituni wanatia oktanoli.