Rumaliza: Aliyetawala Ufuko, Akashindwa na Milima

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini, ziwa Tanganyika likiwa kuumeni kwake na milima ikiwa kushotoni, huingia Rumonge baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 70. Hapo hukuta michikichi, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, sauti ya adhana, na Kiswahili kinachosemwa sokoni kana kwamba bahari i jirani. Ndugu msomaji, lugha hiyo ililetwa na watu waliovuka nchi kutoka pwani hadi Ujiji, kisha wakapanda mitumbwi kuelekea kaskazini. Miongoni mwao hakuna aliyeogopwa kuliko Rumaliza.

Jina lake halisi lilikuwa Muhammad bin Khalfan, wa ukoo wa Barwani. Alizaliwa Lindi, yapata mwaka 1855. Rumaliza ni jina la kupanga, nalo lamaanisha mtu amalizaye kila kilicho mbele yake. Alipoingia bara alishirikiana na Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, na kwa msaada wa mshirika huyo akawa bwana mkubwa wa Ujiji. Kutoka huko alipeleka nguo, shanga, bunduki na baruti. Akarudisha pembe za ndovu na watumwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yake, wala haifai kuificha kwa maneno matamu.

Namna wafanyabiashara hao walivyojipatia makao ufukoni ilikuwa ya hatua kwa hatua. Kwanza mgeni aliomba mahali pa kutulia mizigo. Baadaye alijenga banda, kisha akalizungushia boma la miti. Hatimaye alimsaidia mtawala mmoja kwa bunduki dhidi ya jirani yake, na kwa msaada huo wote wawili wakawa chini ya mkono wake. Mambo kama hayo yalikuwa yakitendeka pia magharibi mwa Marekani, ambako mfanyabiashara wa ngozi alitangulia, ngome ya askari ikafuata, na mwisho mwenyeji akaondolewa katika ardhi yake. Huko hadithi ilifungwa kwa mauaji ya Wasioux pale Wounded Knee, tarehe 29 Desemba 1890. Katika mwaka huo huo Rumaliza alikuwa bado na nguvu katika ziwa letu.

Ufuko wa Rumonge ulikuwa umekwisha kuonja damu kabla yake. Mapadri Weupe walifungua kituo hapo mwaka 1879. Ukazuka ugomvi juu ya mtoto aliyekombolewa na mapadri hao, ambaye mtawala wa mahali pale, Bikari, alimdai. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa, na kituo kikaachwa. Basi yeyote aliyetaka kukaa ufukoni alipaswa kujua kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe.

Katika miaka ya 1880 Rumaliza alieneza vituo vyake kaskazini mwa ziwa, hadi Uvira na Uzige, penye mji wa Bujumbura wa leo. Mbele yake ulikuwako ufalme wa Burundi, na mfalme wake alikuwa Mwezi Gisabo. Watu wa Rumaliza walipojaribu kupenya katika ufalme huo walirudishwa nyuma, ingawa wao walikuwa na bunduki na Warundi walikuwa na mikuki, pinde na mishale.

Kwa nini silaha bora ilishindwa? Atazamaye ramani kwa jicho la askari ataona jibu upesi. Imbo, yaani nchi tambarare ya ufukoni, ni nyembamba; mara tu baada yake huinuka miteremko mikali ya Mumirwa, hadi vilele vya Mugamba. Bunduki ya gobori hujazwa polepole, na baruti yake huharibiwa na mvua. Tena kila pipa la baruti lilipaswa kutoka pwani kwa mabega ya wapagazi. Lakini milima peke yake haipigani. Rumaliza alizoea kuwashinda watawala wadogo waliogawanyika. Huko juu alikuta watu wengi wenye kumtii mfalme mmoja. Ndiyo maana Burundi ya ndani haikugeuzwa kuwa uwanja wa kukamatia watumwa kama ilivyotendwa Manyema.

Waliolipa gharama ya vita hivyo ni watu wa ufukoni. Wao hawakuwa na kilele cha kukimbilia wala boma la kujificha. Jambo hili yafaa likumbukwe kila jina la Rumaliza litajwapo.

Kuanguka kwake kulitoka upande wa pili wa ziwa. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga ngome ya Albertville, nayo ikazingirwa na watu wa Rumaliza mwaka uliofuata. Kisha majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yaliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Rumaliza alivuka kwenda kupambana nayo, na kwa miezi kadhaa maboma yake yalistahimili. Mwezi Januari 1894 kombora la mzinga lilileta moto na maangamizi ndani ya boma lake, na vita vikaisha. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu, akakimbilia upande uliodaiwa na Wajerumani. Baadaye yeye na Tippu Tip, washirika wa zamani, walifikishana mahakamani kwa ajili ya mali.

Wazungu walioandika habari zake walimfanya shetani wa pekee, wapate kusema kwamba wao walikuja kukomboa. Lakini dola ya Leopold wa Pili iliyomshinda iliwatesa Wakongo kwa kazi ya mpira. Nao Wajerumani, waliojenga kituo Ujiji mwaka 1896, walipanda milima ileile. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi Gisabo alilazimika kukubali masharti yao. Walikuwa wamepata wasaidizi ambao Rumaliza hakuwapata: Kilima na Maconco, wakuu waliompinga mfalme kutoka ndani.

Rumaliza hakumaliza. Vituo vyake vilioza, bunduki zake zikapata kutu. Kilichobaki Rumonge ni wajukuu wa wenyeji na wageni, waliooana, wanaouza mawese na dagaa kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Nchi iliyomzuia ilimzuia kwa umoja wake. Ilipogawanyika, aliyekuja baada yake alipita.